Kuna zana inayotengeneza CREATE TABLE kutoka kwenye CSV bila kubahatisha? Maana hizi zote naona zinakisia tu

#1 Mchakataji
Wakuu habari, niende moja kwa moja kwenye mada. Napokea mafaili ya CSV (data ya maandishi iliyotenganishwa kwa koma) kutoka vyanzo tofauti, mengine yana kolamu kumi mengine yanapita mia, na kila likija jipya inabidi niandike CREATE TABLE (amri ya SQL ya kutengeneza jedwali na aina ya kila kolamu) kwa mkono, maana COPY, amri ya kupakia faili ya databesi ya PostgreSQL, haitengenezi jedwali, yenyewe inataka ilikute lipo. Nikachoka nikaamua csvsql ya csvkit, inayosoma faili na kukisia aina za kolamu, ifanye hiyo kazi. Faili la kwanza likaingia safi kabisa. Faili la pili, chanzo kile kile, kolamu zile zile, limegoma katikati. Sasa nauliza, hii ni csvsql ndo mbovu au hakuna zana yoyote duniani inayoweza kukupa jedwali la uhakika kutoka kwenye faili la koma? Mimi msimamo wangu ni kwamba hakuna, zote zinapiga ramli. Anayebisha alete yake.

#2 kolamu_tatu
Msimamo unao tayari halafu unauliza swali 😂

#3 BintiSeva
Mkuu weka vitu hapa tuvione. Mistari michache ya faili, jedwali ulilotengenezewa, na kosa lenyewe kama lilivyotoka. "Limegoma katikati" halimsaidii mtu.

#4 Mchakataji
Haya dada, nimepunguza kolamu, zipo nyingine za maelezo marefu marefu nimeziacha. Faili la kwanza:

```
msimbo,nchi,idadi,kiasi,tarehe,hai
00417,NA,12,1250.00,2021-04-03,1
00418,NO,7,980.50,2021-04-03,0
00419,ZM,31,64.75,2021-04-04,1
```

Jedwali lililotoka baada ya `csvsql -i postgresql wateja.csv` (DECIMAL ni namba, VARCHAR ni maandishi, BOOLEAN ni ndiyo au hapana, NOT NULL ni kolamu isiyoruhusu pengo):

```
CREATE TABLE wateja (
    msimbo DECIMAL NOT NULL,
    nchi VARCHAR,
    idadi DECIMAL NOT NULL,
    kiasi DECIMAL NOT NULL,
    tarehe DATE NOT NULL,
    hai BOOLEAN NOT NULL
);
```

Na faili la pili likaleta hiki:

```
ERROR:  invalid input syntax for type numeric: ""
CONTEXT:  COPY wateja, line 48213, column idadi: ""
```

#5 Mtoto_wa_Terminali
Hiyo rahisi mkuu, sampuli. Zana nyingi haziangalii faili zima, zinachungulia mistari ya mwanzo tu halafu zinaamua. BigQuery, databesi ya Google, ukiiambia itambue yenyewe inasoma hadi mistari 500 ya kwanza basi. DuckDB, databesi nyingine, inachukua 20,480. Sasa kama utata uko mstari wa 48213 nani ataujua? Tumia DuckDB na uweke `sample_size=-1` isome lote, umemaliza.

#6 Faili_Kubwa
Nadhani ni urefu wa VARCHAR. csvsql inapima neno refu kuliko yote kwenye faili la kwanza inaweka ndo kikomo, la pili likija na jina refu zaidi linakataliwa. Ishanitokea hiyo kwenye MySQL.

#7 BintiSeva
@Faili_Kubwa angalia jedwali lake vizuri, VARCHAR ya hapo haina urefu wowote. Kwenye MySQL ni kweli urefu unawekwa kwa sababu MySQL yenyewe inaulazimisha, ila hapa ni Postgres. Halafu kosa limesema kolamu ya `idadi`, hiyo ni namba.

@Mtoto_wa_Terminali na yeye faili la kwanza limesomwa zima, csvsql haichungulii mistari michache wakati wa kukisia aina. Shida imetoka faili la PILI. Hata ukisoma mistari yote ya la kwanza huwezi kuona kitu ambacho hakimo ndani yake.

#8 Mtoto_wa_Terminali
Basi aunganishe yote mawili asome kwa pamoja 🤷

#9 kolamu_tatu
Na la tatu likija?

#10 NukuuMbili
Jamani mbona kosa linajieleza. Ona alama za nukuu mbili tupu. Kwenye COPY ya CSV, nafasi iliyoachwa tupu bila nukuu ndo NULL, yaani hakuna thamani. Nafasi yenye nukuu mbili bila kitu ndani ni maandishi matupu, si NULL. Maandishi matupu hayageuki namba hata ufanyeje, Postgres inakataa. Kwa hiyo faili la kwanza halikuwa na pengo, la pili lina pengo na limeandikwa kwa nukuu. Mchakataji hebu chungulia huo mstari tuone.

#11 Mchakataji
Nimeutoa huu hapa:

```
00991,ZM,"",310.00,2021-05-19,1
```

Aisee NukuuMbili umepiga penyewe. Ila cha ajabu nimehangaika kuupata, nimepiga `csvcut -l` inipe namba za mistari, mstari wa 48213 ukawa mwingine kabisa hauna tatizo lolote.

#12 Mzee wa Awk
Hapo kuna hesabu mbili tofauti kijana. csvcut inahesabu rekodi, COPY inahesabu mistari halisi ya faili, pamoja na ile iliyovunjika ndani ya nukuu. Umesema una kolamu za maelezo marefu, ina maana humo kuna watu wamebonyeza Enter katikati ya maelezo. RFC 4180, maelezo ya umbo la CSV ya mwaka 2005, inaruhusu kabisa, ilimradi kiwe ndani ya nukuu. Ndo maana pia `wc -l` haikupi idadi ya rekodi, inakupa idadi ya mistari, na watu wanalinganisha na SELECT count(*) halafu wanasema data imepotea.

#13 Mchakataji
Shukrani mzee. Sasa je nikiondoa hizo NOT NULL? csvsql ina `--no-constraints`.

#14 NukuuMbili
Haitasaidia kwa hili. Ukiondoa NOT NULL utapona kwenye mapengo yasiyo na nukuu, ila hili litagoma vilevile kwa sababu halijafika hata kwenye kizuizi, limekwama kwenye kugeuza maandishi kuwa namba. Weka `FORCE_NULL (idadi)` kwenye COPY, hapo nukuu tupu itahesabika NULL. NOT NULL nayo uiondoe, zote mbili kwa pamoja.

Ila NOT NULL ya kutolewa na mashine mi siiamini hata siku moja. Yenyewe imeona hakuna pengo kwenye faili moja ikahitimisha kwamba pengo haliruhusiwi milele.

#15 Chuma_Dev
Wakati mnahangaika na nukuu mimi nimeona kitu kingine humo ndani. Kolamu ya `nchi` haina NOT NULL, wakati zingine zote zinayo. Kwenye sampuli yake sioni pengo kwenye nchi. Mchakataji faili la kwanza lina mahali nchi iko tupu?

#16 Mchakataji
Nimepekua lote, hakuna hata moja iliyo tupu. Mbona sasa?

#17 Chuma_Dev
NA. Namibia.

csvkit inachukulia NA, N/A, NONE, NULL na hata nukta peke yake kama pengo. Kwa hiyo imemsoma Mnamibia ikaona hayupo. Wewe umepona kwa sababu unapakia kwa COPY, ambayo inaingiza NA kama ilivyo. Ungetumia `csvsql --insert` Namibia yote ingeingia NULL na hakuna kosa lingetokea popote, kimya kimya tu. Weka `--blanks` uone jedwali linavyobadilika.

pandas, maktaba ya data ya Python, nao ni ndugu zao, `read_csv` ikikutana na NA inaifanya NaN mpaka uiambie `keep_default_na=False`.

#18 kolamu_tatu
Nchi nzima imefutwa na amri moja 😭😭

#19 Faili_Kubwa
Na Norwe? NO si itageuka "hapana"?

#20 Chuma_Dev
Ingekuwa kolamu nzima ni NO na YES peke yake ndio, ingekuwa BOOLEAN. Hapa kuna ZM imeiokoa. Norwe ina historia hiyo kwenye YAML, umbo la mafaili ya mipangilio, ukiandika NO bila nukuu visomaji vya YAML vya zamani vinakupa false.

Na hiyo kolamu ya `hai` nayo ni mtego. csvkit ikiona 0 na 1 tu inasema BOOLEAN. Leo ni hai au si hai. Kesho chanzo kikiongeza 2 yaani amesimamishwa, COPY inagoma tena na uzi mwingine unafunguliwa.

#21 BintiSeva
Nami niongeze la kwangu, lililogoma mimi halinitishi, limegoma umelijua. Angalia `msimbo DECIMAL`. Misimbo yake inaanza na 00. Ikiingia humo 00417 inakuwa 417. Hakuna kosa wala onyo, mistari yote imeingia, ripoti inatoka, halafu siku ya kuunganisha na jedwali lingine lenye msimbo wa maandishi hakuna rekodi hata moja inayokutana na mwenzake. Mchakataji nenda ukapige SELECT kwenye faili lako la kwanza "lililoingia safi".

#22 Mchakataji
Dah.

#23 kolamu_tatu
😂😂😂 safi kabisa

#24 Mtoto_wa_Terminali
csvkit matoleo mapya yana `--no-leading-zeroes`, ukiiweka chochote kinachoanza na sifuri kinaachwa maandishi. Kwa hiyo hilo lina dawa.

#25 BintiSeva
Lina dawa kwa misimbo inayoanza na sifuri. Je kama faili la mwezi huu misimbo yote inaanza na 1? Bado itakuambia namba. Kanuni yangu ni kama kitu hukijumlishi wala hukipigii wastani basi si namba, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu tupu. Namba za simu, misimbo ya posta, akaunti, vitambulisho. Hakuna zana inayojua kwamba hutajumlisha, hilo unalijua wewe.

#26 Mzee wa Awk
Hapo umenena binti. Na wanaofungua faili kwenye Excel kabla ya kulipakia ndo wanazika kabisa. Excel inashika tarakimu 15 tu, namba yenye tarakimu 16 ya mwisho inakuwa sifuri. Ukihifadhi umeshaua, hata ukiweka TEXT kwenye databesi unapokea maiti.

#27 Faili_Kubwa
Kuhusu Excel, wanasayansi wa jeni walisalimu amri. Kulikuwa na jeni inaitwa SEPT1 na nyingine MARCH1, kila wakifungua faili Excel inazigeuza tarehe za Septemba na Machi. Mwaka 2020 kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ikaona isiwe tabu, ikabadilisha majina, sasa ni SEPTIN1 na MARCHF1.

#28 Chuma_Dev
Mwaka huo huo Uingereza walipoteza kwa muda rekodi 15,841 za waliokutwa na corona kwa sababu mafaili ya CSV yalikuwa yanapakiwa kwenye umbo la zamani la .xls ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yakakatwa.

#29 Mchakataji
Wakuu turudi kwenye mada Excel tutaisema mpaka asubuhi. Nataka kujua hiyo nukuu tupu kwenye faili la pili imetoka wapi, maana chanzo wanasema hawajabadilisha kitu.

#30 Faili_Kubwa
Excel 😅 Mtu wao amelifungua akalihifadhi upya.

#31 NukuuMbili
Hapana mkuu, Excel ikikuta seli tupu inaacha koma mbili zimefuatana, haiweki nukuu. Ukitaka ushahidi wa Excel tafuta nukta mkato badala ya koma, kwenye kompyuta ambazo desimali inaandikwa kwa koma huwa inatenganisha hivyo. Au tafuta ile alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili.

Mimi nadhani chanzo chao nacho ni Postgres. COPY ikitoa data kwa CSV inaandika NULL kama pengo na maandishi matupu kama nukuu mbili, makusudi, ili ikirudi ndani itofautishe. Ina maana huko kwao `idadi` ni kolamu ya TEXT na mtu kajaza fomu bila kuandika namba.

#32 Mzee wa Awk
Inawezekana. Ila pia nimeona skripti nyingi watu wanaunganisha maandishi wenyewe kwa mkono, kama kuna thamani anaichapa, kama haipo anachapa nukuu mbili. Angekuwa anatumia maktaba ya CSV ya Python na QUOTE_ALL basi hata ZM ingekuwa na nukuu, na kwenye huo mstari haina. Kwa hiyo ama ni ya NukuuMbili ama ni skripti ya mtu.

#33 BintiSeva
Au chanzo si kimoja. Mnasema "wao" kama vile ni mfumo mmoja, inawezekana faili linaunganishwa kutoka sehemu mbili, sehemu moja inaandika mapengo hivi na nyingine vile. Mchakataji tafuta kwenye faili hilo hilo kama kuna mapengo ya koma mbili bila nukuu.

#34 Mchakataji
Yapo! Kwenye kolamu ya maelezo kuna koma mbili tupu nyingi tu, na nukuu tupu ziko chache, na zote ziko baada ya mstari wa arobaini elfu.

#35 NukuuMbili
Hiyo bado inaendana na ya kwangu, maelezo yana NULL na idadi ina maandishi matupu.

#36 BintiSeva
Na inaendana na ya kwangu pia, zote ziko mwishoni mwa faili, yaani kipande cha pili kilichobandikwa.

#37 kolamu_tatu
Napenda hapa ndo uzi unanoga.

#38 msomaji_kimya
Huwa nasoma tu ila leo nichangie. Kwanini mnakisia aina kabisa? Tengeneza jedwali la mapokezi, kolamu zote TEXT, majina uyachukue kwenye mstari wa kwanza wa faili. Hapo kutengeneza CREATE TABLE ni kazi ya mistari mitatu ya skripti, hakuna akili yoyote inayohitajika, na hakuna faili litakalogoma kwa aina ya data. Ukishapakia ndo unaandika INSERT INTO jedwali halisi ukigeuza moja moja, na zile zinazokataa unaziweka pembeni uziangalie. Kwa mfano `NULLIF(idadi, '')::integer`. Kazini kwetu tumeacha kukisia zamani na hakuna aliyekumbuka.

#39 Mzee wa Awk
Huyu akae mbele. Ndo ninachofanya, `head -1` na awk kidogo.

#40 Mtoto_wa_Terminali
Mzee `head -1` itakudhuru siku mstari wa kwanza una jina lenye koma ndani ya nukuu, au jina lililovunjika mistari miwili 😏

#41 Mzee wa Awk
Siku hiyo nitatumia Python kijana. Usinifundishe kuvua samaki.

#42 Chuma_Dev
TEXT yote ni sawa ila msidanganyane kwamba kazi imeisha, mmeihamisha tu. Kile ambacho csvsql ilikuwa inakisia sasa unaandika wewe kwenye INSERT, kolamu mia moja na kitu. Na yeye alichokuja kulalamikia ni kuandika kwa mkono.

Tena kuna jambo halijasemwa, anayekisia na anayepokea si mtu mmoja. csvsql ikiona "1,250.00" inajua ni namba, inaondoa koma yenyewe, inakuandikia DECIMAL. Unachukua hilo jedwali unapeleka COPY, Postgres ikiona koma ndani ya namba inakataa. Tarehe vilevile, mmoja anasoma 03/04/2021 kama Machi 4, mwingine kama Aprili 3, na wote wanaridhika kwa sababu zote mbili ni tarehe halali. Ndo maana nikitumia DuckDB kukisia, napakia na DuckDB hiyo hiyo, halafu naipeleka Postgres ikiwa na aina zake tayari.

#43 msomaji_kimya
@Chuma_Dev kuihamisha ndo lengo lenyewe mkuu. Ikikosea kwenye INSERT data ghafi ninayo kwenye databesi, narudia. Ikikosea kwenye kupakia, sina kitu.

#44 Chuma_Dev
Faili si bado unalo?

#45 msomaji_kimya
Ninalo, ila siwezi kulipigia `WHERE idadi !~ '^[0-9]+$'` nione wakosaji wote kwa pamoja. COPY inanionyesha mmoja mmoja, narekebisha huyu anatokea mwingine.

#46 BintiSeva
Hoja nzuri hiyo.

#47 Faili_Kubwa
Mimi kwangu tabu huwa ni majina ya kolamu kuliko hata aina. Nina faili la dodoso, mstari wa kwanza ni maswali mazima mazima, "Je, katika kipindi cha miezi mitatu iliyopita umewahi kutumia huduma ya..." mpaka mwisho. Postgres inakata majina kwenye baiti 63, maswali matatu yanaanza na maneno yale yale, yakikatwa yanafanana, CREATE TABLE inakataa eti kolamu imejirudia.

Na zana zikikutana na herufi kubwa au nafasi zinazungushia jina nukuu. Ukishatengeneza kolamu inaitwa "Jina Kamili" na nukuu zake, utaandika nukuu hizo maisha yako yote. Kuna jedwali kazini limetengenezwa hivyo na mtu aliyeshaondoka, kila query ni nukuu, nukuu, nukuu.

#48 Mtoto_wa_Terminali
Ndo unasafisha kwanza, herufi ndogo zote, nafasi iwe mstari wa chini, ukikuta `order` au `group` unaongeza kitu mbele kwa sababu SQL imeshayachukua. Mengine weka namba, s01 s02, na swali lenyewe liweke kwenye COMMENT ON COLUMN ili lisipotee.

#49 Mchakataji
Hiyo ya COMMENT sikuwahi kuifikiria, naiiba.

Halafu kuna faili jingine linanichekesha, kolamu ya kwanza inaitwa `msimbo`, naiona kwa macho yangu, lakini nikiandika SELECT msimbo Postgres inasema hakuna kolamu hiyo.

#50 NukuuMbili
Ndo ile alama isiyoonekana niliyoitaja juu huko. Baiti tatu EF BB BF mwanzoni mwa faili, Excel inaziweka ukihifadhi kama CSV UTF-8. Zana isiyozijua inazigandisha kwenye jina la kolamu ya kwanza, tena ya kwanza tu. Kwenye Python fungua kwa `utf-8-sig`. Kwenye terminali piga `head -c 3 faili.csv | xxd` utaziona.

#51 Mchakataji
Zipo kweli 😂 efbbbf. Asante mkuu.

#52 kijana_wa_data
Mbona mnajitesa, mpe akili mnemba mistari ishirini ya mwanzo ikuandikie CREATE TABLE. Mimi inaniwekea hadi funguo na maelezo.

#53 kolamu_tatu
Mistari ishirini ya mwanzo... kwenye faili ambalo shida yake iko mstari wa 48213.

#54 kijana_wa_data
Ila inajua kwamba msimbo si namba bila kuambiwa, imesoma jina la kolamu. csvsql haiwezi hiyo.

#55 BintiSeva
Tumcheke ila ana hoja. Jina la kolamu ni taarifa, na zana za kawaida zinalipuuza kabisa zinaangalia thamani peke yake. Mimi ningeichukua hiyo kama maoni ya mtu wa pembeni. Ila usiipe data za watu, mpe majina ya kolamu na takwimu tu, mfano matokeo ya `xsv stats`, inakupa aina, thamani ndogo na kubwa, urefu mfupi na mrefu wa kila kolamu kwa faili zima. Hiyo inabeba habari kuliko mistari ishirini.

#56 Mzee wa Awk
xsv naikubali. Ukiona urefu mfupi na mrefu ni sawa kwenye kolamu ya tarakimu, mfano zote tano tano, hiyo karibu hakika ni msimbo si idadi. Idadi halisi huwa zinapishana urefu.

#57 Chuma_Dev
@Mzee wa Awk hiyo nzuri sana. Ila mwaka nao una tarakimu nne kila mahali.

#58 Mzee wa Awk
Mwaka unajumlisha?

#59 Chuma_Dev
🙌

#60 dada_schema
Nimechelewa ila kuna kitu kimeachwa. Kwanini msimdai chanzo atume maelezo ya kolamu pamoja na faili? Kuna Table Schema ya Frictionless, faili dogo la JSON linasema kolamu hii ni maandishi, hii ni tarehe ya umbo hili, pengo linaandikwa hivi. W3C, shirika la viwango vya wavuti, nao walitoa mapendekezo yao ya CSV mwaka 2015. Ukiwa nalo hilo, CREATE TABLE inatoka bila kukisia chochote, na hapo swali la mleta uzi linajibika.

#61 Mchakataji
Dada yangu chanzo hawa hata kubadilisha jina la faili wanaomba barua.

#62 dada_schema
Basi liandike wewe mara moja, ulitunze kwako. Acha zana ikisie la kwanza, urekebishe misimbo na hizo NOT NULL, halafu kila faili jipya lipimwe dhidi ya hilo kabla halijagusa databesi. Kisia mara moja tu, usikisie kila mwezi. Ukikisia kila mwezi utakuwa na jedwali tofauti kila mwezi, Aprili msimbo ni namba, Mei ni maandishi kwa sababu kuna mmoja ana herufi.

#63 msomaji_kimya
Na upime majina pia, si idadi ya kolamu peke yake. Wakibadilisha mpangilio, kolamu mbili za namba zikapishana nafasi, COPY isiyotaja majina inaingiza tu. COPY ukiiwekea HEADER inaruka mstari wa kwanza bila kuusoma. Kuanzia Postgres 15 kuna `HEADER MATCH`, inalinganisha majina na jedwali, yasipofanana inakataa.

#64 Mchakataji
Hiyo naiweka leo leo. Ila bado sijaelewa kati ya TEXT yote na hii ya dada_schema nianze na ipi.

#65 msomaji_kimya
TEXT.

#66 dada_schema
Schema. Jedwali la TEXT bila kujua kila kolamu inatakiwa iwe nini ni faili lile lile limehamia kwenye databesi.

#67 Faili_Kubwa
Mkiwa MySQL hiyo ya TEXT yote iwe TEXT kweli, msiweke VARCHAR(255) kila mahali kama nilivyoona kwenye skripti moja ya mtandaoni. Ukitumia utf8mb4 kila herufi inahesabiwa baiti nne, VARCHAR(255) moja inakula zaidi ya baiti elfu moja, na mwisho wa mstari mmoja wa jedwali ni baiti 65,535. Faili la kolamu sabini tu linagoma kwenye CREATE TABLE hata kabla hujapakia kitu.

#68 Mtoto_wa_Terminali
SQLite wala haina hizo, unaweka chochote popote, kolamu ya INTEGER inapokea hadi majina ya watu.

#69 NukuuMbili
Mpaka uandike STRICT mwisho wa CREATE TABLE, ipo tangu 3.37. Na ukisema ni sifa nzuri jua kwamba 00417 ikiingia kwenye hiyo kolamu ya INTEGER inageuka 417 vilevile.

#70 Mchakataji
Wakuu nimeweka FORCE_NULL, nikatoa NOT NULL, msimbo nimeufanya TEXT, faili la pili limefika mstari wa 61 elfu na kitu. Sasa linasema `invalid input syntax for type boolean: "2"`.

#71 Chuma_Dev
😂😂😂 #20

#72 BintiSeva
Usiibadilishe kwanza kuwa namba. Waulize 2 maana yake nini, na uliza kama kuna 3.